Rangi Ubavuni, Utelezi Tumboni

Aibu nyingine mtu huisimulia akiwa ameangalia pembeni, kwa hivyo msinitazame usoni. Ujinga huu sikurogwa, niliutafuta mwenyewe na nikaununulia rangi.

Nina boti ya kuzungusha wageni Ziwa Naivasha wakaone viboko. Msimu wote wa mvua ilikuwa imekaa majini bila kazi, imefungwa kwenye mgunga uliokufa, gugumaji limeizingira. Sasa babake Njoki, mchumba wangu, Mzee Ndung'u wa mtaa wa Free Area (fundi wa matrekta aliyestaafu, mtu wa maneno machache), alikuwa amesema hataongea mambo ya mahari mpaka aione kazi yangu kwa macho yake. Nilibaki na siku moja ya kujitayarisha: niivute boti nchi kavu niikwangue tumbo, au niipake rangi ubavuni. Nikachagua rangi, nyekundu, na jina nikaliandika upya kwa herufi kubwa: MWENDO KASI.

Jirani yangu pale ufuoni ni Mama Shiro, ambaye kila Jumatatu huilaza boti yake ubavu, akaisugua kwa gunia na panga butu, kisha akaichokoachokoa propela mpaka ing'ae.

"Captain, hiyo yako imeota ndevu huko chini," akaniambia.

"Mathe, abiria hawakai chini ya boti," nikamjibu, na watu wakacheka, nami nikajiona mjanja kweli (mjanja wa nini, Mungu anajua).

Kesho yake Mzee Ndung'u na mkewe wakafika, mimi nimevaa suti, ndiyo, suti, kwenye boti. Badala ya kuwazungusha polepole kama mtu mwenye akili, nikamwona Mama Shiro akielekea kisiwani na abiria wake, ana kiinjini kidogo na mimi nina jiinjini, nikasema, "Mzee, ona vile tunampita huyu."

Nikafungua mafuta yote. Injini ikanguruma mpaka ndege wakahama, boti ikainua pua, ikakalia makalio, ikakataa kunyanyuka. Boti safi huteleza juu ya maji, lakini yangu ilikuwa inaburuta ule utelezi wote ulioota tumboni kama blanketi lililoloa. Mama Shiro akazidi kuwa mdogo kule mbele. Halafu tukapitwa na mvuvi wa kupiga kasia, naye bila haya akauliza, "Niaje Captain, mmepaki?"

Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima.

"Iinue," Mzee akasema. Nikaiinua. Propela haikuonekana, ilikuwa furushi la mizizi ya gugumaji na kipande cha wavu. Mzee akapitisha mkono chini ya boti, akautoa na konzi ya uchafu wa kijani, akaiweka taratibu juu ya rangi yangu mpya. Mkewe, aliyekuwa ameegemea hapo hapo, ndipo akagundua rangi haijakauka, na gauni lake la kanisani lilikuwa jeupe. Nilitamani kiboko aje animeze.

Aliyekuja kutuvuta kwa kamba ni nani kama si Mama Shiro. Tulipofika ufuoni ndipo akaniuliza, mbele ya wakwe, "Captain, leo abiria walikuwa wanakaa wapi?"

Wazee wakaondoka bila kugusa chai, na nyinyi mnajua mkwe akikataa chai maana yake ni nini. Jioni Njoki akanipigia simu.

"Baba amesema nini juu ya mahari?" nikauliza.

"Hiyo hajaitaja. Ameuliza tu kama chini ya hiyo suti ulikuwa umeoga."

Mpaka leo mahari haijaongelewa. Lile jina nimelifuta, na kila Jumatatu mtanikuta nimepiga magoti kando ya Mama Shiro, gunia mkononi, nasugua tumbo la boti huku akinionyesha nilipoacha. Kupaka rangi kitu kichafu, mimi tena, hapana. Na Mzee akipenda kurudi, nimemtumia salamu: aje Jumatatu, aanze kukagua chini.