Tairi Juu ya Paa, Ng'ombe Chini ya Mkaratusi

Likizo ya Agosti nilitolewa Kitale nikapelekwa Bungoma kwa nyanya, ati nimsaidie kazi kwa sababu ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Ng'ombe mwenyewe hakuwa na shida. Shida ilikuwa anko, kaka yake mama, bwana mkubwa wa boma. Alikuwa amerusha tairi kuukuu juu ya paa la mabati. Kazi yake, kuzuia radi.

"Raba haipitishi stima," alinieleza, kifua mbele. "Kwani huko Kitale hamfundishwi?"

Tunafundishwa, bana. Tunafundishwa kwamba hewa nayo haipitishi stima, na radi huipasua yote kutoka mawinguni hadi chini. Sasa ifike hapo ione tairi lililoisha meno, iseme, "Pole, nimekosea boma"? Nilimwambia anachohitaji ni fimbo ya chuma iliyopita paa kwa urefu, waya mnene wa shaba, na mwisho wa waya uzikwe ardhini, ili radi ipewe njia yake ipite. Anko alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Jioni moja mawingu yakashuka kutoka upande wa Mlima Elgon, meusi kama matako ya sufuria. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwa cheni kwenye mkaratusi, mti mrefu kuliko yote hapo. Anko ndiye aliyemfunga. Ati kuna kivuli.

"Anko, wacha nimlete zizini."

"Utoke na hiyo sweta?"

Sweta yangu ya shule ni nyekundu, na kwa anko radi hufuata nyekundu. Nikaivua. Yeye alikuwa anafunika kioo na blanketi, kisha akageuza sufuria zote kifudifudi kwa sababu zinang'aa. Hata kijiko alikificha.

"Sasa naenda."

"Na hayo meno unachekea? Si yanang'aa pia? Keti chini!"

Akasimama mlangoni, mtu mzima amekumbatia komeo.

"Mwache mtoto amlete," nyanya akasema. "Mvua bado iko mbali."

"Mama, tulia. Tairi iko."

Nyanya akabishana naye, nami nikabishana na wote wawili, na hapo ndipo mvua ilipofika. Basi hata mimi nikakaa. Simpendi ng'ombe yeyote kiasi hicho. Mwanga na mlio vikaja pamoja, nyumba ikatikisika, blanketi likaanguka kutoka kwenye kioo.

Ngurumo zilipohamia mbali tulitoka. Mkaratusi ulikuwa umechanika gome kutoka juu hadi chini. Ng'ombe alilala ubavu, miguu imenyooka, hana hata mkwaruzo. Stima ilikuwa imeshuka na mti, ikatambaa kwenye udongo, ikampandia miguu ya mbele na kutokea ya nyuma. Mtu akinaswa nje anaweza kuchutama, nyayo pamoja, aombe bahati. Ng'ombe atachutama vipi?

Anko alikuwa na jibu tayari.

"Tairi ilikuwa ya nyumba. Mimi sikusema ya ng'ombe."

Nyanya alikuwa amepiga magoti matopeni, sikio kwenye lile tumbo kubwa.

"Nyamaza," akamwambia. "Nasikiliza ndama."

Alisikiliza, akahamisha sikio, akasikiliza tena. Halafu akainuka bila kutuangalia, na anko akaenda kutafuta jembe.