Mama Kadi na Flashi ya Dereva

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Kadi, maana ukiwa na harusi au mahafali hukupata wa kukutengenezea kadi nzuri kumshinda. Kazi aliifanyia katika chumba cha nyuma, chenye meza, printa na kompyuta iliyochoka. Ukiiwasha asubuhi, ulifagia ua, ukaosha vyombo, ukasalimiana na jirani mpaka habari zikaisha, ndipo ikuonyeshe sura. Akifungua kadi yenye maua mengi, skrini inaganda, naye anabaki ameshika tama.

Siku moja bibi harusi mtarajiwa alingoja kuona kadi yake mpaka akasinzia kitini. Mama Kadi aliona haya. Mgeni alipoondoka akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta.

"Shemeji, hili lizee litaniaibisha."

"Una flashi?"

"Ya nini?"

"Kumbukumbu yake ndogo, ndiyo maana inahema. Chomeka flashi, tuiambie iweke humo vitu inavyovihitaji mara kwa mara, isivitafute kwenye diski kila saa. Ila ikikaa, imekaa. Usiichomoechomoe."

Flashi nyumbani ilikuwa moja tu, ya mumewe. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na sehemu kubwa ya ndoa yao ilimkuta barabarani. Tangu astaafu alishinda sebuleni na redio, flashi imechomekwa, nyimbo zilezile za safarini.

"Baba watoto, nina ombi. Flashi yako."

Akamtazama kama aliyeombwa jino. "Na nyimbo zangu?"

"Tutazihamishia kwenye kompyuta. Ukizitaka, utasikilizia kule."

"Chumbani kwako?"

"Kwani nani kakufukuza?"

Shemeji akamwelekeza kwa simu, bofya hapa, bofya pale, mpaka ikakubali. Si kwamba kompyuta ilianza kukimbia; uzee wake ulikuwa palepale. Lakini kadi ya maua ilifunguka kabla chai haijapoa, na kutoka kadi moja kwenda nyingine hakukuhitaji tena kubembeleza. Mama Kadi akacheka peke yake.

Kesho yake Dereva akapiga hodi chumba cha nyuma, nyumbani kwake mwenyewe. Akaketi, nyimbo zikaanza, macho yake yakahamia kwenye skrini.

"Hayo maua umechora wewe?"

"Nani mwingine?"

"Miaka yote hii nilidhani unapiga chapa tu."

Mama Kadi akaendelea kupanga maua. Kusema kweli, hata yeye hakumjua sana huyu mtu aliyekuwa akiimba chinichini pembeni yake, huku akikosea maneno.

Wiki haikuisha, mzee akaanza kutoa maoni.

"Jina la mama yake bibi harusi limebanwa. Lipe nafasi, kama lori linavyopewa kwenye kona."

"Haya, umeanza."

Lakini akalisogeza, na kadi ikatulia. Bibi harusi alipokuja kuiona, aliishika kwa mikono miwili, akaisifu. Mama Kadi alifungua mdomo kushukuru, mumewe akamuwahi:

"Tumeihangaikia sana."

"Tumeihangaikia!" Mama Kadi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mgeni alipotoka, akamsukumia mzee rundo la bahasha. "Haya, mwenzangu. Tia kadi, na usizikunje pembe."

Dereva akavaa miwani, akaanza na ya juu.