Kifusi Chini ya Nyasi za Meneja

Shangazi yangu hutengeneza bustani za watu, na hasamehe. Msije mkaniambia kinyongo ni kibaya. Nyinyi hamkumwona mjukuu wake.

Mtaa wetu uko bondeni, karibu na ufukwe, na bahari ikijaa, maji yalikuwa yakiingia hadi uvunguni mwa vitanda. Ndiyo maana kila nyumba iliomba kifusi cha kuinulia ua. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa nacho tele, tena bure. Shangazi ndiye aliyekwenda kumwomba meneja, ndiye aliyewaita majirani wachote, na tulimpigia makofi. Mjukuu wake alijifunzia kutambaa juu ya kifusi hicho, mikono mdomoni.

Alipofika miaka minne tumbo lilikuwa halimwachi, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Daktari alipima damu akakuta madini ya risasi, yale ya kwenye betri, akauliza mtoto huchezea wapi.

"Mwondoeni mtoto hapo, au uondoeni huo udongo," alisema.

Pa kumpeleka hatukuwa napo. Shangazi akarudi kwa meneja kuomba malori yaje kuzoa kifusi cha mtaa mzima.

"Mama, kifusi kile ni safi kabisa," meneja alimjibu, na hata kiti hakumpa.

Shangazi alirudi amenyamaza. Mimi namjua: akifoka, yamekwisha, akinyamaza, ole wako.

Miezi miwili baadaye mke wa meneja, asiyejua lolote, alimpa kazi ya bustani kwenye nyumba yao mpya kule mlimani, akaagiza malori matatu ya udongo mweusi. Shangazi akapatana na dereva, mtu wa bondeni kama sisi. Udongo mweusi ukashushwa uani kwa shangazi, kifusi chake kikapanda mlimani. Tulikizoa kutwa nzima, vitambaa puani, huku tunacheka kama wehu. Kule akakisawazisha vizuri, akatandika nyasi juu.

Siku ya kukabidhi kazi, meneja alitoka amembeba binti yake mdogo. Akasifu nyasi, akainama amshushe mtoto acheze.

"Usimweke chini," shangazi alimwambia.

"Kuna nini?"

"Hapo chini ni kifusi chako, malori matatu. Nimekurudishia. Mtoto hana kosa, ndiyo maana nakwambia. Afisa wa mazingira yuko getini, nimemwita mimi. Mwambie ni safi, akiache. Au mwambie ni sumu, na imetoka wapi."

Meneja alimkumbatia bintiye mpaka mtoto akalia. Nilikuwepo, na nakiri niliufurahia uso wake ule kuliko sikukuu yoyote. Afisa alipoingia, meneja akasema yote mwenyewe, haraka haraka, macho chini.

Wiki iliyofuata malori ya kiwanda yalianza kuzoa kifusi kwenye nyua za majirani. Watu wakamwambia shangazi sasa yatosha, aifute kesi aliyomfungulia meneja, amwachie Mungu. Aliwasikiliza tu.

Kila alasiri humkalisha mjukuu kibarazani, akamfundisha upya: hiki kikombe, huu mlango. Daktari ametuambia huenda mengine yasirudi. Jana mtoto alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta neno "bibi", akalikosa. Shangazi akamfuta jasho, akanikabidhi, akavaa viatu, akaenda kuulizia tarehe ya kesi.