Herufi Nne za Mwisho

Nikipita sokoni Ndanai siku hizi kuna mama muuza mboga ambaye huniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, leo herufi ni gani?" na wenzake wanacheka mpaka wanashika meza, nami nacheka pia, lakini inauma, na afadhali mlisikie jambo lenyewe kwangu kuliko kwake.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa chama chetu cha maziwa (Mwalimu ni jina tu la utani, kwa sababu napenda kueleza jambo pole pole mpaka kila mtu aelewe, ni ugonjwa). Kompyuta ndiyo inayoendesha mtambo wa kupoza maziwa, na asubuhi moja tukakuta maziwa ya watu yote yameganda. Nikafungua kompyuta, nikaona ripoti nyingi, zile ambazo inajiandikia yenyewe kitu kikianguka ndani yake, na papo hapo nikaamua kwamba kuna mtu amekuwa akiizima na kuiwasha. Mwenye funguo za chumba cha kompyuta na mtambo alikuwa mmoja tu: Onyango, aliyefungua kila alfajiri na kupokea maziwa, mtu wa kutoka upande wa ziwa, jirani yangu, tunaimba naye besi kanisani.

Ningesema tu, "Nipeni muda nisome vizuri," yangeishia hapo. Lakini kulikuwa na mkutano wa wakulima, nami nikaona nafasi ya kufundisha. Nikabeba projekta. (Nilipiga na shati pasi.)

"Onyango, watu wamemwaga maziwa," akasema mwenyekiti wetu, Mama Chebet. "Ulizima mashine?"

"Haki ya Mungu, mama, hiyo swichi sijagusa." Akanigeukia. "Jirani, si useme kitu?"

Nikasema, kwa sauti tamu kama ya mhubiri, "Wacha mashine iseme yenyewe."

Mama Chebet akanyoosha mkono, na Onyango akamwekea funguo kwenye kiganja, mkewe Akinyi akiangalia.

Basi nikaanza somo. Nikawaeleza kwamba kompyuta ikiwashwa inajipa kitambulisho, herufi na namba nyingi zimeshikana, na inakaa nacho mpaka izimwe, na ikiwashwa tena inajipa kingine kipya, na kila ripoti inaandikwa kile cha wakati huo. "Ni kama ng'ombe," nikasema. "Ng'ombe ni yule yule, lakini kila akizaa, ndama ni mwingine." Wakaitikia kwa vichwa. Nilifurahi sana, jamani, walikuwa wameelewa.

"Sasa ripoti ya kwanza. Someni pamoja zile nne za mwisho."

"Nane, C, mbili, F!"

"Vizuri sana! Ya pili?"

"Nane, C, mbili, F!"

"Hongera!" nikasema. (Nawaambia, nilisema hongera.) Nilikuwa nimeupa ukuta mgongo, nawatazama watu usoni kama mwalimu mzuri, na usiku uliotangulia nilikuwa nimehesabu tu ripoti, sikusoma kitambulisho hata kimoja, maana nilijua tayari kitasema nini.

"Ya tatu?"

Hiyo waliipigia kelele. "NANE, C, MBILI, F!"

Kogo mmoja wa mstari wa mbele, nyanya wa watu, akainua mkono. "Mwalimu, si umesema ndama ni mwingine?"

"Nimesema, kogo."

"Huyu ni yule yule."

Nikageuka nikaangalia ukuta. "Ndiyo, kogo."

"Kwa hivyo ng'ombe alizaa mara moja."

Mara moja. Mashine haikuwa imezimwa hata kidogo. Ni programu moja, ile ya kuuamrisha mtambo upoze, iliyokuwa ikianguka, inainuka, inaanguka tena, mashine ikiwa macho wakati wote, na jina la programu hiyo lilikuwa pale juu ya kila ripoti, kubwa, wazi.

"Hiyo programu iliwekwa na nani?" akauliza Mama Chebet.

"Mimi. Wiki hii. Nilitaka kuboresha mtambo."

Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Umetupikia mursik bila kibuyu!" (mursik ni maziwa yetu ya mgando, hugandishwa kwenye kibuyu) na jumba zima likaangua kicheko.

Onyango hakucheka. Mama Chebet alimnyooshea funguo. "Pole, Onyango. Shika kazi yako."

"Weka tu kwa meza, mama." Akapita karibu yangu, akasimama kidogo. "Jirani, si ungeniuliza kwanza? Mlango wangu unaujua." Akatoka na Akinyi.

Nilienda kwake kuomba msamaha, wakanipa chai, wakanijibu vizuri, na mwezi haukuisha kabla hawajahamia Kericho, kwenye shamba la majani chai. Besi naimba peke yangu, na naharibu.

Siku hizi sifungui mdomo mbele ya watu kabla sijasoma mstari kwa mstari, peke yangu, kimya. Nimeirekebisha programu, haijaanguka tena. Ila mwenyekiti hajapata mtu mwingine wa kumkabidhi kile chumba, kwa hivyo alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi, ninayefungua mlango na kungoja maziwa ni mimi. Funguo ninazo.