Fundi wa Sufuria Aliyebeba Nyungu

Kwa miaka ishirini na sita Melchior amekuwa akiyeyusha vyuma na kumimina sufuria katika mtaa mmoja wa Butembo, na kwa miaka hiyo yote hajala nyumbani kwake hata kijiko kimoja cha maharage yaliyopikwa ndani ya sufuria ya mkono wake. Mkewe, Kahongya, hupika ndani ya nyungu za udongo. Maharage ni nyungu, sombe ya majani ya muhogo ni nyungu, viazi ni nyungu. Chai tu ndiyo ina birika lake.

Majirani walipouliza, Kahongya alikuwa na jibu moja, na alilitoa bila kupepesa jicho.

"Sufuria zote batu ba soko banazichukua. Kwangu haibaki hata moja."

Watu walimsifu Melchior kwa hilo. Fundi ambaye biashara yake inakwenda mbio hadi mke hapati sufuria, huyo si fundi wa mchezo. Melchior naye alipokea sifa, lakini moyoni jambo hilo liliendelea kumuuma. Alijua kwamba nyuma ya mlango wa jiko kulikuwa na sufuria nne alizompa mkewe kwa nyakati mbalimbali, na kwamba moja ilikuwa na mkaa, ya pili misumari, ya tatu sabuni, na ya nne maji ya kuku.

Basi Nadège, binti yao wa pekee, alipoposwa na Gracien, kijana mnunuzi wa kakao kule Beni, Melchior aliona mlango umefunguka. Kwa ukoo wao, bibi harusi huenda na vyombo vya jiko, na vyombo hivyo hutajwa kimoja kimoja mbele ya wageni, pamoja na jina la aliyevileta. Mke amemshinda, sawa. Lakini binti ni damu yake. Akamimina sufuria saba zinazoingiana, kubwa ya kupikia sherehe na ndogo ya uji wa mtoto atakayekuja, akazisugua kwa mchanga hadi zikang'aa. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwe na jiko, hata moja, ambamo mtu wake anapika kwa kazi ya mikono yake.

Siku ya Jumatatu Nadège alifika kutoka upande wa Mabalako, ambako ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya. Baba akazipanga zile sufuria saba uani, akasimama kando na mikono nyuma. Nadège akazisifu, na alizisifu kwa kweli. Kisha akachukua ile ndogo ya uji, akapitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kitambaa kikatoka kijivu.

"Papa, ndani mulitia nini?"

"Aluminium, mwana."

"Aluminium ya wapi?"

"Ya mahali pote. Pistons za pikipiki, radiateurs, madirisha ya zamani." Akafikiri. "Na vile bipande binabakiaka mu gunia."

"Bipande bya batri pia?"

Melchior akatazama paa la nyumba.

"Papa, mi sisemi sufuria yako iko mubaya. Kwa kituo banatufundisha kama plomb, ile madini ya risasi ya mu batri, haionekane, haina harufu, na inaingia mu damu ya batoto polepole. Ukipika nyanya na chumvi, njo inatoka mbio. Donc nauliza tu: unajua kama haiko mule?"

Melchior angeweza kuapa juu ya mambo mengi. Angeapa kwamba sufuria zake hazivuji, kwamba mikono yake haiibi uzito. Juu ya hili hakuweza, na kwa kuwa hakuweza, alikasirika. Akasema watoto waliosoma siku hizi wataogopa hata maji, akaingia ndani bila kula.

Sasa sikiliza alichokifanya, maana ni kosa ambalo fundi tu anaweza kulifanya. Binti ameuliza habari ya damu, na baba akaamua kumjibu kwa ulimi. Atapika maharage ndani ya sufuria yake, na maharage mengine ndani ya nyungu, ampe Nadège aonje bila kujua yapi ni yapi. Asipoona tofauti, maneno yameisha. Jumatano asubuhi Kahongya alipokwenda sokoni, Melchior akatafuta nyungu. Za mkewe zilikuwa na mabaki ya jana. Kulikuwa na moja mpya, safi, imefungwa kwa kitenge chini ya kitanda. Hakujiuliza kwa nini nyungu ilale chini ya kitanda imevaa nguo.

Akaipeleka karakanani. Kwake moto ni ule wa mkaa unaopulizwa kwa feni inayozungushwa na gurudumu la baiskeli, moto unaofanya pistoni ya pikipiki iwe uji. Akaiweka nyungu mpya juu yake, kando ya sufuria yake yenye maharage mengine, akatia maharage, akamwaga maji baridi ya kisimani, akazungusha gurudumu kwa nguvu zote kwa sababu maharage hayapendi kuiva. Nyungu ikalia mara moja tu, ikagawanyika vipande vitatu. Maharage yakazima nusu ya mkaa, na mvuke ukamjia usoni. Ile sufuria jirani ilikuwa inachemka bila wasiwasi, na huenda hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Mwanamke yeyote wa mtaa ule angemwambia. Nyungu mpya haiwekwi kwenye moto mkali na tumbo tupu. Inalishwa kwanza: uji wa unga wa muhogo unachemshwa ndani yake polepole, matundu ya udongo yanakunywa, yanashiba, na baada ya hapo ndipo inaanza kazi. Melchior aliishi na nyungu miaka ishirini na sita bila kuuliza hata siku moja inaanzaje.

Kahongya aliporudi hakupaza sauti, na mume wake angependa apaze. Alichukua vigae vyote ambavyo Melchior alivirudisha nyumbani, akavipanga ndani ya ile sufuria kubwa ya sherehe, ya kwanza kati ya zile saba.

"Hii njo kazi ya kwanza hii sufuria yako inafanya kwa jiko yangu," alisema. "Ile nyungu ilikuwa ya mutoto. Nilimuomba koko Syauswa, ule bibi mufinyanzi, tangu mwezi wa tatu. Ndoa iko Samedi, kumebaki siku tatu. Utaenda utafute ingine, weye mwenyewe."

Mwanamume kwenda kwa mfinyanzi kumwombea bibi harusi nyungu, hilo halikuwa limeonekana, na dereva wa pikipiki aliyempeleka Alhamisi alicheka kuanzia mjini hadi kilimani. Koko Syauswa alikuwa bibi mkavu, mwenye vidole vilivyojaa udongo hadi kwenye kucha. Alimtambua kabla hajashuka. Ni sufuria za huyu mtu zilizomwondoa sokoni.

"Weye njo ule fundi," alisema. "Karibu. Nilikuwa nakungojea, lakini si kwa hii mwaka."

Nyungu haitoki siku moja. Inakauka kivulini siku nyingi kabla ya kuchomwa. Alikuwa nayo moja tu iliyo tayari, ameiweka kwa ajili yake mwenyewe. Alikubali kuitoa kwa sharti kwamba Melchior ailishe palepale, chini ya macho yake. Basi fundi mwenye tumbo lake akakalishwa kwenye kigoda kifupi mbele ya mafiga matatu, akapewa mwiko na unga wa muhogo. Kila alipoongeza ukuni, bibi aliutoa.

"Moto yako iko na haraka. Nani anakufukuza?"

Wakakaa hivyo hadi jua likageuka. Uji ulikuwa unatoa povu kidogo kidogo, na nyungu ikabadilika rangi pole pole kutoka chini. Melchior alianza kuipenda, jambo lililomshangaza.

"Udongo hii unaitosha wapi, koko, unaichimba wapi?" aliuliza.

Bibi akanyoosha kidole. "Pale chini, karibu na maji, pale kuko ule muti wa avoka. Mama yangu alitosha pale, na mama yake pia. Uende uone, ni karibu." Kisha akamgeukia. "Na weye, ya kwako unaitosha wapi?"

Alikuwa anauliza tu, kama mafundi wanavyoulizana. Melchior akageuza mwiko. Akaona magunia yake karakanani, yanayoletwa kutoka mpakani Kasindi na gereji zote za mjini, vyuma visivyo na baba wala mama. Akaona kitambaa cheupe cha Nadège. Hakuwa na pa kunyoosha kidole. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akaendelea kukoroga uji.

Jumamosi wakateremka Beni. Sufuria saba zilifungwa juu ya gari pamoja na magodoro. Nyungu ilisafiri magotini mwa Melchior, imefungwa kitenge, na kila shimo la barabara alilichukua kwa magoti yake ili yeye ndiye aumie. Kwenye kizuizi askari mmoja alitaka kujua mzee amekumbatia nini. Akaonyeshwa. Akaigonga kwa kidole, ikalia vizuri, akasema kwao pia mama yake anayo, akawaachia njia.

Sherehe ikafika kwenye vyombo. Jéthro, mjomba wa bwana harusi, ndiye aliyeshika mikrofoni, na alikuwa mtu wa kupenda sauti yake.

"Nyungu moja ya udongo! Imeletwa na nani? Na papa wa bibi harusi, fundi Melchior wa Butembo, fundi wa sufuria!"

Watu wakacheka. Sufuria hazikutajwa. Kwenye meza ya mbele alikuwa ameketi Musafiri, mfanyabiashara wa Beni ambaye kwa miaka kumi ndiye aliyeuza sufuria za Melchior hadi barabara ya Mangina. Akasimama, akitabasamu.

"Samahani, fundi. Na bile bisufuria saba niliona juu ya gari, ni bya nini?"

Hema zima likamgeukia Melchior. Angeweza kusema ni za kupikia. Neno moja tu, na biashara yake ingelala salama, na ile ndoto yake ingeingia katika jiko la Nadège kwa mlango wa mbele. Kahongya alikuwa anatazama sahani yake. Nadège alikuwa anamtazama yeye.

"Ni bya maji ya kuoga na kufua," alisema Melchior. "Mi sijue nilitia nini ndani. Mutoto wangu aliniuliza, nikakosa jibu. Chakula yake itapikwa ndani ya nyungu."

Musafiri akakaa polepole. "Miaka kumi, fundi, batu banapikia sufuria za kuoga?"

"Miaka kumi. Jumatatu uje kwangu. Tutatosha bipande bya batri na radiateurs mu magunia, weye unaona na macho. Kitu hatujue kwenye kinatoka, hakiingii mu moto tena. Na batu tutabaambia."

Musafiri akasema atakuja, na kwamba atakula kwanza. Sherehe ikaendelea. Melchior hakula sana.

Jioni, kabla hawajaondoka, Nadège alimvuta baba yake pembeni, nyungu mkononi.

"Papa, hii haina kifuniko."

"Nyungu hainaka kifuniko. Mama yako anafunikaka na jani ya ndizi."

"Unitengenezee moja. Ya aluminium ya waya ya umeme tu, ile unajua kwenye inatoka. Inakaa juu, haigusi chakula." Akaweka kiganja juu ya mdomo wa nyungu kumwonyesha upana. "Iwe ya mukono yako."

Melchior alipima mdomo ule kwa kamba, akaifunga kamba fundo, akaitia mfuko wa shati, na njia nzima ya kurudi Butembo alikuwa akiigusa kuhakikisha haijadondoka.

Jumatatu, baada ya Musafiri kuja na kusaidia kumwaga magunia, Melchior alikuwa amechuchumaa karakanani akichora duara katika mchanga mweusi wa kumiminia. Kivuli kikasimama juu ya mchanga. Alikuwa Kahongya, ambaye huwa haingii karakanani. Alikuwa ameshika kipande cha kamba chenye fundo.

"Yangu ni pana kidogo kupita ya mutoto," alisema, akamkabidhi. "Miaka ishirini na sita nafunika na majani. Nimechoka."