Mkono wa Baba Usioachia

Baba alikuwa akinunua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, bandarini Kalundu asubuhi, mashua zikiingia, na bei ilifungwa kwa kupeana mkono. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Baba akikushika, hakuachii. Muuzaji anavuta, baba anacheka, mkono uko palepale.

"Ee mzee, weye iko na roho ngumu! Chukua matabishi, uniachie!" Na anamtupia konzi nyingine ya ndagala juu ya zile alizonunua. Bandarini walimwita fundi wa bei. Mimi binti yake, beseni kichwani, nilijiona mtoto wa mfalme.

Nyumbani Mulongwe, akishika kitu, sisi watoto tulimfungua vidole kimoja kimoja, tukigombania nani aanze na kidole gumba. Jamani, navitamani vicheko vile! Hakuna aliyetaja ugonjwa. Hata miguu ilipomlegea tulisema ni uzee, na alikuwa hajafika hamsini.

Mwaka jana munganga mmoja wa hospitali alinisalimia kwa mkono, nikashindwa kumwachia. Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia huu ni ugonjwa wa misuli, unarithiwa, na mama anaweza kumpa mtoto ukiwa mkali zaidi. Nina binti mmoja tu, wa miaka saba. Nilimkasirikia munganga yule utadhani yeye ndiye aliyeuleta.

Damu yangu na ya binti yangu ikapelekwa mbali kupimwa. Alinieleza kwamba juu ya DNA kuna alama ndogo ndogo za kikemia, zinaitwa methili. Hazibadilishi kile tulichorithi, lakini kwa ugonjwa huu, zikizidi mahali fulani, huenda zikaonyesha kama utamshika mtoto mapema.

"Huenda," akasema. "Bado wanachunguza."

Huenda, huenda! Mimi nilitaka ndiyo au hapana.

Majibu hayajafika. Kila asubuhi kabla ya shule namwambia binti yangu anibane mkono kwa nguvu, kisha aachie. Leo mvua ilileta baridi, na baridi ndiyo iliyokuwa ikimkaza baba vidole. Niliogopa kweli.

"Achia," nikamwambia.

Akaachia palepale. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, ingawa najua hilo si jibu la damu.

Lakini hakuondoka. "Mama, na weye uachie, nitachelewa."

Vidole vyangu vilikuwa bado vimemshika. Akanifungua kimoja kimoja, akianzia kidole gumba, huku anacheka, vilevile tulivyomfanyia baba.