Herufi Zilizorudi Mfukoni

Fundi cherehani huyu watu walimwita Bi Sindano, na jina likamkaa. Mwembamba, amenyooka, akikuchoma kwa neno unajua umechomwa. Aliwashonea akina mama nguo za harusi, akaja kuwashonea na binti zao. Majoho ya kwaya ya kanisa lao, yote yalipita mikononi mwake.

Siku moja akaanguka kati ya meza ya kukatia na cherehani. Alipozinduka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama mkono wa joho lisilo na mtu ndani.

Mchungaji wao, kijana mwenye viatu vinavyong'aa hadi ujione, alimwita mbele ya kanisa. Akampaka mafuta, akapaza sauti, akaunyanyua ule mkono juu kabisa. Akauachia. Ukaanguka pu!

"Mama," akasema kwenye kipaza sauti, "imani yako ni ndogo."

Bi Sindano akarudi nyumbani na lile neno.

Tangu hapo kila asubuhi mkwe wake, mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya, alimkalisha kwenye cherehani. Bi Sindano alifinya mpira aliopewa na muuguzi, kisha akaulaza ule mkono mfu juu ya gurudumu na kuomba. Hakuomba kwa mbwembwe. Alisema, "Baba, mtu akiniletea nguo iliyofumuka simuulizi maswali mengi. Na mimi nimekuletea hii. Shona."

Asubuhi moja ya mvua, gurudumu likajizungusha kidogo. Akadhani meza imetikisika. Likazunguka tena.

"Mkwe wangu! Acha sufuria, njoo!"

Mkwe akaja mbio, mwiko mkononi. "Kuna nini, mama?"

"Nani kazungusha gurudumu hili?"

"Mimi nilikuwa jikoni!"

"Na mimi sikulisukuma kwa kushoto. Basi piga magoti, mwanangu, na huo mwiko wako."

Kidole kimoja baada ya kingine, mkono ukarudi, hadi akatunga uzi sindanoni mwenyewe. Muuguzi alipomwambia ni mazoezi, alijibu, "Mazoezi nimefanya, na wewe asante sana. Lakini aliyeniponya namjua."

Habari zikaenea. Mzee wa kanisa akafika na kitambaa kirefu cheupe na mfuko wa herufi nyekundu. Kanisani kwao mabango hayakuandikwa kwa rangi; herufi zilikatwa za kitambaa na kushonwa moja moja. Mzee akazipanga mezani: MCHUNGAJI AMENIPONYA.

"Hili tutalifungua Jumapili, wewe ukitoa ushuhuda," akasema.

"Ushuhuda wa nani?"

"Bi Sindano, usinitie matatani. Majoho mapya ya kwaya yanakuja, na mafundi mjini ni wengi."

Alipoondoka, mkwe akasogea karibu. "Mama, si useme tu? Neno moja. Wataniondoa mbele ya kwaya."

"Jirani yetu ana mtoto asiyetembea. Nikisema aliniponya mchungaji, kesho atambeba mtoto wake ampeleke kwake. Mtoto akianguka, mama mtu ataambiwa imani yake ndogo. Nani atamfuta machozi? Wewe?"

Bi Sindano akazirudisha mfukoni herufi za neno la kwanza. Kisha akachukua joho lake la zamani, akalikata herufi nyingine, akashona, akalipeleka bango likiwa limekunjwa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mzee akavuta kamba, bango likafunguka: MUNGU AMENIPONYA.

"Amina!" watu wakaitikia. Tabasamu la mchungaji likagandia usoni.

"Fundi wetu amesahau kidogo," akacheka, akamsogezea kipaza sauti. "Mama, waambie, nani alikuombea?"

"Uliniombea, sikatai. Mkono ukaanguka, ukasema imani yangu ndogo. Kanisa zima lilisikia. Basi lisikie na hili."

Kipaza sauti kikazimwa. Walijisumbua bure. Mtu aliyezungumza maisha yake yote juu ya kelele za cherehani atanyamazishwa na waya?

"Ni imani hiyo hiyo ndogo Mungu aliyoipokea!" sauti yake ikafika hadi kwa waliosimama nje. "Hakuniomba mafuta, hakuniuliza nasali kwa nani. Sifa ni zake, na simpunguzii hata uzi mmoja!"

Akafungua mkoba, akatoa ule mfuko na kumkabidhi mchungaji.

"Herufi zako hizi. Sikuzitoboa hata tundu. Siku utakapoumba mkono, niletee, nitakushonea bure."

Walimwadhibu, kwa nini nifiche? Majoho mapya yalipelekwa kwa fundi mwingine, na mabega yakawapwaya waimbaji wote. Mkwe akarudishwa mstari wa nyuma, akaimba kwa nguvu hata wa mbele wakawa wanamfuata yeye.

Jumapili iliyofuata, Bi Sindano alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha mbele. Mzee wa kanisa akamzuia.

"Mama, kiti hiki kimeshawekewa mtu."

"Najua. Mtu mwenyewe ndiye mimi."

Akaketi. Wimbo ulipoanza, akainua mkono wa kulia, vidole vyote vitano vimetanuka, akaushikilia juu. Mchungaji akahubiri siku ile akitazama dirishani.